Treni ya Wafanyakazi Inakunywa Mazutu Saa Gani?

Juma lililopita katika somo la fizike tulikuwa tunasema juu ya motere ya dizeli. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu akainua mkono: "Mwalimu, kamyo tunaiona kila siku pa pompi. Lakini treni, nani amekwisha kuiona pa pompi?" Kilasi nzima ikacheka. Na sisi tukacheka, kiisha tukaona ya kwamba hakuna hata mmoja wetu anayeweza kujibu sawasawa. Basi tulitafuta, na leo tunawaletea jibu.

Wale waliopita Likasi wameona njia iliyotiwa waya za umeme tangu miaka ya 1950. Masini ya umeme hainywi kitu. Lakini upande wa Kindu na Kalemie masini ni za mazutu. Sisi tumechukua mfano wa mbali, mji wa Chicago huko Marekani, kwa sababu kule treni nyingi za mazutu zinachukua watu wanaokaa inje ya mji, zinawaleta kazini asubui na kuwarudisha magaribi. Shirika lao linaitwa Metra. Lina njia 11, na moja tu ndiyo ya umeme.

Masini ambayo Metra imeitumia miaka mingi inaitwa F40PH. Tangi lake liko chini ya tumbo, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na linachukua galoni 1,500 ao 1,800 kufuatana na namna masini ilivyotengenezwa. Galoni 1,800 za Marekani ni karibu litri 6,800. Ni nyingi? Tufanye hesabu. Motere ina nguvu za farasi 3,000, yaani kilovati 2,240 hivi. Kwa saa moja (sekunde 3,600) inatoa megajuli 8,064. Litri moja ya mazutu ina megajuli karibu 36, lakini motere inageuza kuwa kazi megajuli 13 tu. Zingine zinapotea kwa joto. Gawanya 8,064 kwa 13: unapata litri 620 kwa saa. Kwa mwendo huo tangi lingekauka kwa masaa 11. Kwa bahati treni ya namna hii haivuti kwa nguvu zote wakati wote. Inavuta sana inapoondoka kituoni, kiisha inateleza, inafunga breki, inasimama, inaanza tena.

Lakini angalieni jambo hili. Katika F40PH, kama ilivyotengenezwa mara ya kwanza, motere ile ile inayovuta ndiyo inayotoa umeme wa vagoni: taa, joto la baridi kali, na hewa ya kupoza wakati wa jua. Ili umeme usibadilike, motere inazunguka mara 893 kwa dakika hata treni ikisimama. Ndiyo sababu inapiga kelele kituoni kama inataka kuruka. Kwa hiyo inakula mazutu hata isipokwenda, na mazutu yakiisha njiani, si mwendo tu unaokufa. Watu mamia wanabaki gizani, na katika mwezi wa kwanza Chicago inaweza kushuka chini ya sifuri kwa digri 20.

Sasa tumjibu rafiki yetu. Haumwoni akinywa kwa sababu anakunywa wakati watu hawako. Treni hizi zina kazi asubui na magaribi. Katikati ya mchana nyingi zinalala karibu na mji, na usiku zinalala mwisho wa njia, kama kule Aurora, kilometa 60 kutoka Chicago. Pale depo kubwa iko, kuna tangi la shirika, pompi, na tiyo zimepangwa kandokando ya reli. Pale depo haiko, kamyo ya mazutu inakuja usiku, inapita kutoka masini moja mpaka ingine. Tena hawakati vagoni. Kule Chicago lokomotivu kwa kawaida inakaa upande wa inje ya mji; ikirudi mjini inasukuma, na shofere anaongoza kutoka vagoni ya upande wa pili. Basi mtu wa tiyo anajua mapema masini itasimama wapi.

Kichwa cha tiyo kinafungwa imara juu ya mdomo wa tangi, na tangi likijaa kinajifunga chenyewe. Kando yake kuna kiyo ya kuonyesha kiasi cha mazutu, na kifungo chekundu cha kuzima motere kukiwa hatari. Mara nyingi motere haizimwi wakati wa kujaza. Mazutu si kama esanse: mvuke wake hauwaki mpaka joto lipite digri 50 hivi. (Hii haimruhusu mtu kuvuta sigara pale!)

Hatari kubwa iko pengine. Mtu wa tiyo ameinama kando ya gurudumu. Shofere ameketi upande wa pili, vagoni nane mbali. Kila vagoni ina mita 26: piga hesabu, ni zaidi ya mita 200. Hamwoni, wala hamsikii. Treni ikisogea, tiyo inakatika, na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo sheria ya Marekani inaamuru waweke alama ya bulu, bendera mchana na taa usiku, na ingine pale shofere anapoongozea. Ikiwapo, hakuna ruhusa ya kusogeza treni hata kidogo. Na wanaoweza kuiondoa ni wafanyakazi wa kundi lile lile walioiweka. Mkubwa wa depo akiwa na haraka namna gani, hawezi kumwambia shofere aitoe tu. Sisi tulipenda sana sheria hii.

Kiisha kuna matone. Katikati ya reli, chini ya fasi ya kujazia, wanaweka sahani kubwa za kupokea mazutu yanayomwagika. Maji ya mvua yanayopita pale yanapelekwa katika kisima cha kutenganisha. Litri ya mazutu ina uzito wa kilo 0.84 hivi, basi inaelea juu na maji yanatolewa chini.

Hesabu ya nyumbani: kamyo imeleta litri 15,000. Kila lokomotivu ina tangi la litri 6,800 na imebaki na litri 4,000. Kamyo itajaza lokomotivu ngapi kabisa, na kila moja itaongezeka uzito wa kilo ngapi? Majibu mpeleke kwa kapita wa kilasi mbele ya siku ya ine.