Kazi ya Kwanza na Mtu wa Karibu

Wazazi wengi wana desturi ya kumwuliza mtoto mbele ya wageni, "Utakapokuwa mkubwa utafanya kazi gani?" Akijibu kwamba atakuwa padre au daktari, wote humsifu, akijibu kwamba atakuwa utingo wa lori, wote hucheka. Lakini mtoto yule hakubuni jibu lake. Amemtaja mtu aliyemwona kwa macho akishika kazi, na yamkini mtu huyo ndiye aliyemwita kwa jina lake siku moja, akamwonyesha jinsi gurudumu linavyofungwa. Mtoto hatamani asichokijua. Nia ya kuwa mtu fulani na kutenda jambo fulani duniani haishuki kichwani kama ndoto. Yaingia kwa mikono, katika kazi ndogo za mwanzo, na yakomazwa na mtu aliye karibu.

Jambo hili lastahili kufikiriwa nyumbani mwetu, hasa katika miezi ile vijana wanapomaliza shule na kukaa wakingoja matokeo. Nasi tutalitazama kwa mifano ya Mpanda na nchi nzima ya Katavi. Kwa wasomaji walio mbali, tukumbushe kwamba Katavi ni mkoa mpya, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Mji wake mkuu ni Mpanda, mwisho wa reli itokayo Kaliua, na upande wa magharibi mkoa huo hugusa Ziwa Tanganyika. Kando ya ziwa hilo ndipo ilipo Karema, na Karema ndipo alipoishi mtu ambaye maisha yake yatufundisha somo hili kuliko maneno mengi.

Mtu huyo ni Adrien Atiman. Alizaliwa mnamo 1866 upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Akali mtoto mdogo alinyakuliwa na wateka watumwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Kazi yake ya kwanza, basi, ilikuwa ya mtumwa. Tusilipite neno hili haraka, maana kuna watu wasemao kwamba kazi yoyote humfunza mtoto, hata iwe kali namna gani. Sivyo. Kazi ambayo bwana wake hamtazami mtoto ila kama mali humfundisha jambo moja tu, nalo ni kuogopa.

Huko Algeria Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, walimnunua wakampa uhuru na kumsomesha. Shirika lao lilianzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, na Kardinali huyo alikuwa na wazo ambalo kwa siku zile wengi waliliona la ajabu: vijana wa Kiafrika wafundishwe utabibu, kisha warudi Afrika kuishi kati ya watu kama matabibu na makatekista. Kwa ajili hiyo aliwapeleka vijana kisiwani Malta, na Atiman alikuwa mmoja wao. Wazo la kuwa tabibu, basi, halikutoka kwake. Mtu mwingine aliona ndani ya kijana aliyenunuliwa sokoni jambo ambalo kijana mwenyewe hakuwa na njia ya kuliona, akamtafutia mahali pa kujifunza, akamwekea gharama na walimu.

Mwaka 1888 Atiman alisafiri na msafara wa wamisionari kutoka pwani, na mwaka 1889 akafika Karema. Umri wake ulikuwa kama miaka 23. Kituo chenyewe kilikuwa kimeanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, na Mapadre walikuwa wamekipokea mwaka 1885. Ng'ambo ya ziwa na kandokando yake biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma, na Kapteni Joubert, askari Mfaransa, alikuwa akipambana na wateka watu ili kuwalinda wanakijiji. Hapo ndipo kijana yule aliyetekwa alipoletwa kuwatibu watu wengine waliotekwa au waliokimbia kutekwa. Je, alihitaji kuambiwa kwa nini kazi yake ilikuwa na maana?

Akakaa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: ni miaka 67 katika mahali pamoja na katika kazi moja. Alioa hapo, akalea familia hapo, na mwanawe Joseph akapata upadre. Mtoto yule alikulia katika nyumba ambamo wagonjwa walikuwa wageni wa kila siku, na ambamo baba aliitwa tabibu na katekista kwa pamoja. Hatusemi kwamba wito hurithiwa kama shamba. Twasema kwamba aliona kwa karibu, tangu utotoni, mtu anayetumika kwa ajili ya wengine bila kuchoka, na mtu huyo alikuwa baba yake.

Yafaa kuongeza neno moja ambalo wasifu wa watu wema mara nyingi huliacha. Si wote waliosomeshwa Malta waliofikia alipofika Atiman. Walimu walikuwa wale wale, vitabu vile vile, chakula kile kile. Kwa maoni yetu, tofauti yatokea mara nyingi baada ya shule kwisha, pale kijana anapofika kazini na kutazama ni nani anayempokea. Atiman alipokewa na watu waliomhitaji, akapewa madaraka ya kweli, akaaminiwa. Sisi husomesha mtoto kwa taabu kubwa, tukauza ng'ombe na mahindi, kisha siku ya kwanza ya kazi twamwacha aende peke yake kama kifurushi kilichotiwa posta.

Sasa tuje Mpanda mjini. Kabla ya reli, Mpanda ilikuwa mbali mno na njia kuu. Madini ya risasi ya Mukwamba ndiyo yaliyoivuta reli kutoka Kaliua, nayo ikafika mwaka 1950. Kwa miaka kama kumi mgodi ule uliwapa vijana wa pande hizi mshahara wao wa kwanza, kisha ukafungwa. Katika hali kama hiyo waweza kuona kwa urahisi kazi ya kwanza imemwachia mtu nini. Aliyebeba mawe tu hubaki na kumbukumbu ya mshahara. Aliyesimama karibu na fundi wa mashine, au seremala, au fundi wa umeme, na fundi yule akawa na moyo wa kumwachia nyundo, huondoka na ufundi wake hata mgodi ukifungwa. Mshahara wao ulikuwa karibu sawa. Kilichowatenganisha ni fundi mmoja mwenye moyo.

Hata hivyo si lazima kazi ya kwanza iwe ya mshahara. Misitu ya miombo ya Mpanda na Inyonga ni nchi ya nyuki tangu zamani. Kijana aendaye porini na mzee kurina asali huanza na kazi ndogo: kubeba kamba, kuwasha mwenge wa moshi, kushika chombo chini ya mti. Mzee hamwambii mengi. Lakini usiku ule kijana ajifunza kutulia nyuki wanapozunguka kichwa, kujua mti gani unachanua majira gani, na kuwaachia nyuki masega ya kutosha ili wasihame. Mwenye kujifunza hayo amejifunza kutazama mbele mwaka mzima. Wapo walimu wa biashara mijini wanaofundisha jambo hilo hilo kwa siku nyingi na kwa ada kubwa.

Katika nchi hiyo hiyo, huko Kibaoni, alizaliwa Bwana Mizengo Pinda mwaka 1948. Alipokuwa Waziri Mkuu, tangu 2008 hata 2015, alipenda kujiita mtoto wa mkulima, na aliutetea sana ufugaji wa nyuki, hata baadhi ya watu wakamfanyia mzaha. Lakini tunalolitaka kwake hapa si cheo chake. Alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1974, akawa wakili wa serikali, kisha kwa miaka mingi akafanya kazi Ikulu katika ofisi ya Rais, zama za Mwalimu Nyerere na za Mzee Mwinyi. Baadaye alitunza shughuli za Baraza la Mawaziri. Ni kazi za kuandaa mafaili, kuandika waliyoamua wengine, na kunyamaza. Hakugombea na kuingia bungeni mpaka mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 52. Kijana anayelalamika kwamba amewekwa nyuma ya meza kuwaandalia wakubwa karatasi, afikiri kidogo: anayekaa karibu na watu wenye madaraka aona jinsi uamuzi unavyofanywa, mzuri na mbaya, nalo ni somo ambalo chuo hakiwezi kulitoa.

Twajua kuna mzazi atakayesema: "Haya, na mimi nitampeleka wangu kazini mapema, hata kama yuko darasa la sita." Hapo hatukubaliani naye kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mwenye miaka 14 aruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia shule. Na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa migodini. Katavi ina mashamba ya tumbaku na ina machimbo ya dhahabu, na kila anayeishi huko ajua jinsi vishawishi vilivyo karibu. Mtoto anayeshinda shimoni hajifunzi kazi. Ajifunza kwamba fedha hupatikana kwa bahati, na mtu aliyefunzwa hivyo mapema huona tabu kukaa miaka mitatu akijifunza useremala au uuguzi. Kumsaidia mama kuuza dagaa baada ya masomo, au kuhesabu magunia pamoja na baba siku ya mauzo, ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa mzazi yupo na kesho shule ipo.

Kwa hiyo, mzazi anapomtafutia kijana mahali pa kuanzia, asiulize kwanza watalipa kiasi gani. Aulize ni nani atakayekuwa karibu naye. Gereji ile, fundi mkuu ni mtu wa namna gani? Huwaonyesha vijana kazi, au huwatuma soda na sigara mchana kutwa? Je, walioanza kwake miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Swali hili la mwisho lafaa kuliko yote, na mtaani jibu lake halifichiki.

Lakini kuna watoto wetu ambao kwao swali hili huulizwa mara chache mno, nao ni mabinti wanaopelekwa mijini kufanya kazi za ndani. Kwa binti wa namna hiyo nyumba ile ni kazi ya kwanza, na mama mwenye nyumba ndiye mtu wa karibu, pengine wa pekee. Wapo mama waliowapeleka wasichana wao wa kazi kujifunza kushona, wakawafungulia akiba, na leo wasichana wale wana cherehani zao wenyewe. Wapo pia waliowafungia ndani. Kabla ya kumpandisha binti garimoshi pale stesheni ya Mpanda, mzazi amjue mwenye nyumba kwa jina na mahali anapokaa, aijue parokia ya mtaa ule, apatane naye mshahara mbele ya shahidi, na awe na njia ya kuzungumza na binti mwenyewe, bila mwenye nyumba kusimama kando akisikiliza.