Ngombe Anayekula na Kukonda

Hapa Likasi wengi wetu tunatumia maziwa ya unga. Lakini wako mama wanaoweka franga pamoja kidogo kidogo, wanunue ngombe wa maziwa. Usome hii mbele ya kutoa franga yako.

Siku moja ya kupima watoto, mama mmoja aliniambia: "Mama munganga, ngombe yangu iko inakula muzuri, lakini iko inakonda tu. Inahara kila siku." Alikuwa amemnunua kwa bei ndogo, akafurahi. Dawa ya minyoo haikusaidia kitu.

Iko ugonjwa unaofanya hivyo: paratuberkulosi, ao ugonjwa wa Johne, mtaalamu wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1895. Mikrobe yake ni ndugu ya ile ya kifua kikuu. Inakaa ndani ya matumbo, ngozi ya utumbo inakuwa nene, chakula kinapita bure. Ndama anaipata akiwa mdogo, akinyonya chuchu zenye mavi, na dalili zinaonekana nyuma ya miaka 2 mpaka 5, ao zaidi. Basi aliyekuuzia pengine hakudanganya. Yeye pia aliona mnyama mnene.

Damu inaweza kuonyesha nini? Munganga wa nyama anavuta damu kwenye shingo ao chini ya mkia. Laboratwari haitafuti mikrobe yenyewe. Inatafuta askari ambao mwili ulitengeneza kupigana nayo. Ugonjwa ukiwa ungali mwanzo, askari hawajatosha, na jibu linakuwa "hakuna". Ninyi mnajua jambo hili: kwa kipimo cha ukimwi pia tunawaomba mrudi tena. Kwa hiyo ngombe apimwe kila mwaka, na muulize mwenye kuuza kama wengine wa zizi lake walikonda na kuhara.

Jibu likiwa "iko", mavi yapimwe pia kwa kuhakikisha. Dawa ya kuponyesha haiko. Mnyama huyo atengwe, ndama wasikaribie mavi yake, na usimuuzie jirani kimya-kimya!

Wataalamu wangali wanabishana kama mikrobe hii inaleta ugonjwa wa matumbo kwa watu. Mimi singempa mtoto maziwa ya ngombe huyo. Na maziwa ya ngombe aliyepimwa vizuri? Chemsha tu mpaka yapande, maana kipimo hiki hakitafuti kifua kikuu wala brusela. Mtoto chini ya miezi 6, yeye ni ziwa lako peke yake.