Mwenye Duka, Haya Fanya, Haya Usifanye

Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja. Meseji ya muamala hughushiwa kwa dakika moja, na huletwa makusudi saa duka limejaa na kijana wa kaunta anahangaika na chenji. Angalia simu ya duka. Meseji ikiwa imetoka kwenye namba ya mtu binafsi, huo ni wizi. Ikionekana ya kweli na bado una shaka, angalia salio. Mteja akinuna, anune. Mzigo ubaki rafuni mpaka pesa ionekane.

Usimrudishie pesa anayepiga simu akidai amekosea kutuma. Mwambie awasiliane na mtandao wake, wao ndio wenye utaratibu wa kuirudisha.

Pokea malipo ya duka kwa Lipa Namba, si kwa namba yako binafsi. Bandiko lake ulikague kila asubuhi kabla ya kufungua, maana mtu akibandika la kwake juu yake, utauza kutwa nzima pesa ikiingia kwake.

Usimpe kijana wa duka PIN, hata akiwa mtoto wa dada yako. Kazi yake ni kuhakikisha malipo yameingia. Kutoa pesa ni kazi yako. Kama alishaijua na ameacha kazi, ibadilishe siku hiyohiyo.

Usimtajie yeyote zile tarakimu sita za uthibitisho za WhatsApp. Ukizitaja, mwizi atawaandikia wateja wako kwa jina na picha yako: "Mzigo mpya umeingia, lipia kwenye namba hii." Na watalipa, kwa sababu wanakuamini wewe. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo.

Laini ya duka ikikata mtandao ghafla huku ya jirani inapiga, usisubiri irudi. Huenda kuna mtu ameirudisha laini yako kwenye kadi yake. Azima simu, piga huduma kwa wateja, waifunge. Piga pia *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Usiweke programu za kukreki kwenye kompyuta ya mauzo, na usiahirishe masasisho. Kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta za hospitali Uingereza Mei 2017, Microsoft walikuwa wameshatoa kinga yake tangu Machi. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama bado unaitumia, panga kuhama.

Nakili hesabu za stoo na madeni kwenye flashi kila jioni, kisha uichomoe. Ukiiacha imechomekwa, kirusi kitaifunga pamoja na kompyuta.

Ukiletewa "ile hela tuma kwenye namba hii", usijibu. Ipeleke meseji hiyo, pamoja na namba iliyoituma, kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Ukishaibiwa, nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Na kwa aibu yoyote ile, usifute meseji hizo, ndizo ushahidi wako.