Hisopo ya Maandiko na Hisopo ya Dawa

Jina la hisopo tumelisikia tangu utotoni, ingawa walio wengi kati yetu hawajapata kuuona mche wenyewe. Twalisikia katika Zaburi ya 51, ambamo mwenye kutubu aomba asafishwe kwa hisopo. Twalisikia tena siku ya Ijumaa Kuu, tunaposomewa katika Injili ya Yohane jinsi sifongo iliyojaa siki ilivyotiwa juu ya hisopo na kupelekwa kinywani mwa Bwana. Siku hizi jina hilo huonekana mahali pengine pia, yaani juu ya vichupa vya mafuta ambavyo wauzaji wake huvisifu kuwa ni dawa ya Biblia. Mzazi mwenye mtoto wa pumu akisikia sifa hiyo, ni rahisi kushawishika. Kwa sababu hiyo twaona yafaa tujifunze pamoja hisopo ni kitu gani, wazee wa zamani waliitumiaje, na mahali gani yatupasa kujihadhari.

Mche ambao wataalamu huuita Hyssopus officinalis ni kichaka kidogo, kimo chake kama nusu mita hivi. Asili yake ni Ulaya ya kusini na nchi za kuelekea Bahari ya Kaspi. Shina lake ni gumu kama mti upande wa chini, majani yake ni membamba, na maua yake ni ya buluu au zambarau, ambayo nyuki huyapenda sana. Ni wa jamaa moja na mnanaa, rehani na kivumbasi, mimea tunayoijua vizuri, na kama hiyo hutoa harufu kali jani lake likifikichwa.

Sifa zake za uganga ni za kale. Dioscorides, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, alifundisha kwamba hisopo ichemshwe pamoja na tini, asali na maji, ili kuwasaidia wenye kikohozi cha siku nyingi na wenye kubanwa na pumzi. Baada yake watawa wa Ulaya waliipanda katika bustani za monasteri zao, mahali walipolima mitishamba ya kuwahudumia wagonjwa. Mtakatifu Hildegard wa Bingen, aliyefariki mwaka 1179, na ambaye Papa Benedikto wa XVI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012, naye aliitaja hisopo katika maandiko yake juu ya dawa. Nchini Uingereza watu waliinywa kama chai ya kulainisha belghamu, waliisukutua koo lilipowasha, na majani mabichi waliyaponda wakayabandika penye vilio vya damu. Wengine waliyatandaza sakafuni ili nyumba inukie.

Namna ya kuitengeneza chai hiyo haikuwa ngumu. Vilele vya mche vilikatwa wakati wa kuchanua, vikakaushwa kivulini, kisha kijiko kidogo kimoja au viwili vya majani makavu vikamiminiwa kikombe cha maji yaliyochemka. Kikombe kilifunikwa kwa muda wa dakika kumi hivi, chai ikachujwa, ikanywewa vuguvugu pamoja na asali. Bila shaka mgonjwa mwenye mafua aliona nafuu, kwa kuwa kinywaji cha moto hulegeza makohozi, na asali hutuliza koo. Lakini sehemu gani ya nafuu hiyo yatoka katika jani lenyewe, majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa ni machache mno kutupa jibu. Hisopo basi ni dawa ya mapokeo ya kutuliza mafua mepesi. Kuiita dawa ya kuponya pumu, kichomi au kifua kikuu ni kuipa cheo isichostahili.

Mafuta ya hisopo ni jambo lingine kabisa. Hupatikana kwa kupitisha mvuke katika majani mengi sana, mvuke ule ukapozwa, na mafuta machache yakatengwa na maji. Hivyo nguvu iliyokuwa imetawanyika katika rundo la majani hukusanywa ndani ya kichupa kimoja. Miongoni mwa vitu vilivyomo ni kile kiitwacho pinokamfoni, nacho chaweza kuuvuruga ubongo hata mtu akaanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa. Mwaka 1981 madaktari wa Ufaransa waliandika habari za watu waliopatwa na mitukutiko ya namna hiyo baada ya kumeza mafuta ya hisopo na ya mimea mingine yenye harufu kali. Mtoto, kwa udogo wa mwili wake, hudhurika upesi zaidi. Tena tumwonye mama mjamzito na kila mwenye kifafa: mafuta haya wasiyaguse, na hata ile chai wasiinywe.

Mtu aweza kutuuliza: Je, kitu kinachosifiwa na Maandiko Matakatifu chawezaje kutudhuru? Jibu la kwanza ni kwamba pengine si mche uleule. Hyssopus officinalis hauoti wenyewe katika nchi ya Palestina wala Misri. Wataalamu wengi hudhani kwamba hisopo ya Waebrania ni mmea mwingine wa jamaa hiyohiyo, ambao Waarabu huuita zaatari, nao huota penye miamba na kuta za mawe. Wasamaria, wanaoadhimisha Pasaka yao juu ya mlima Gerizimu mpaka leo, hutumia mmea huo kunyunyizia damu ya mwanakondoo. Jina la Kiebrania liliingia katika Kigiriki, kisha katika Kilatini, na njiani likashikamana na mche wa Ulaya. Mwenye kununua kichupa kwa ajili ya jina lake hana hakika kama anunua kile kilichotajwa na Musa.

Jibu la pili ni zito zaidi. Tukikifungua kitabu cha Kutoka, twaona hisopo ikichovywa katika damu na kupakwa kwenye miimo ya milango. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 14, kuhani amnyunyizia mtu aliyekuwa na ukoma kwa hisopo. Lakini kwanza hutoka nje ya kambi kumtazama, na humnyunyizia akiisha kuona kwamba amekwisha pona. Hisopo ile haikumponya, bali ilimtangaza kuwa safi na kumrudisha kwa watu wake. Ilikuwa ishara, kama maji ya baraka tunayonyunyiziwa sisi kanisani. Wahispania mpaka leo hukiita kinyunyizio cha maji hayo kwa jina la hisopo. Hakuna mahali Biblia ilipoagiza mgonjwa anyweshwe hisopo.

Basi, enyi wazazi, tushike mambo haya. Mtu mzima mwenye mafua mepesi akipata majani ya hisopo, na akiwa si mmoja wa wale tuliowaonya, aweza kunywa chai yake kwa siku chache. Mafuta yake yasimezwe na mtu yeyote, na kichupa kiwekwe mbali na watoto. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali. Kikohozi kikidumu majuma mawili, mgonjwa apimwe kifua kikuu. Mtoto akipumua kwa haraka, kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunywa au akishikwa na degedege, apelekwe hospitali saa ileile, bila kungoja kuona kama mitishamba itafaa.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, afundisha kwamba Mungu ameumba dawa kutoka katika ardhi, na palepale ataka mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake. Mafundisho hayo mawili yamo katika sura moja, wala mzazi hana ruhusa ya kulichagua moja na kuliacha la pili wakati mtoto wake anapigania pumzi.