Hurafa Sokoni: Kadi za Matangazo za Ufaransa na Kanga ya Kibaha na Kisarawe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi biashara inavyoitumia hurafa, yaani ngano fupi ambayo wahusika wake ni wanyama na ambayo hukamilishwa kwa funzo. Tunalinganisha kadi za matangazo za Ufaransa na kanga inayovaliwa Kibaha na Kisarawe, wilaya za Mkoa wa Pwani zinazopakana na Dar es Salaam. Hoja yetu ni kwamba tangazo halisimulii hurafa. Hutegemea masimulizi aliyonayo mtazamaji. Masimulizi hayo yakikoma, hubaki picha isiyo na kisa au usemi usio na chanzo.

2.0 Kadi za Ufaransa

La Fontaine alichapisha mkusanyo wa kwanza wa hurafa zake mwaka 1668. Katika ule wa 1678 alikiri kuwa anadaiwa mengi na Pilpay, mhenga wa Kihindi. Baadaye hurafa hizo zilikaririwa na watoto shuleni. Ndiyo maana, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyabiashara waliozichapisha katika kadi na postikadi za rangi hawakulazimika kueleza kisa. Kunguru mwenye jibini mdomoni na mbweha chini ya mti walitosha. Mteja alijijazia mengine, na pale ambapo angetarajia funzo akakuta jina la bidhaa.

Mchoraji Benjamin Rabier anaonyesha hatua iliyofuata. Mwaka 1906 alichapisha hurafa za La Fontaine kwa michoro yake; katika miaka ya 1920 mchoro wake wa ng'ombe anayecheka ukawa nembo ya jibini la La vache qui rit. Mnyama amebaki na tabia ya kibinadamu, lakini hana tena kisa.

3.0 Kanga

Ulinganisho huu haukulazimishwa. Kisa cha kima na papa, kilichomo katika ngano ya Punda wa Dobi aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, kina ndugu yake katika Panchatantra ya Kihindi, chimbuko la Kalila na Dimna. Pwani yetu na La Fontaine wamechota katika kisima kimoja.

Kanga ina pindo, mji na jina. Nayo pia hubeba tangazo: kanga za K.H.E. za Mombasa zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla" iliyochapwa kwenye nguo yenyewe. Lakini kinyume na kadi, kanga imehifadhi funzo na kuacha kisa. Methali "Simba mwenda pole ndiye mla nyama" ni hurafa iliyofupishwa: yumo mhusika, tendo na malipo. Kinachokosekana ni msimulizi.

Tofauti ya pili ni ya msemaji. Katika kadi, muuzaji humsemesha mnunuzi. Katika kanga, mnunuzi huyafanya maneno ya kiwandani kuwa yake, akamsemesha mtu wa tatu: jirani, mke mwenza au wifi. Katika Uzaramo, ambako Kisarawe imo, kanga huambatana pia na ngoma ya mwali, mahali ambapo wanawake hufunza kwa nyimbo na mafumbo. Hapo jina la kanga huingia katika somo ambalo mfanyabiashara hakulitunga.

4.0 Matokeo kwa Utafiti

Mwanafunzi anayekusanya fasihi simulizi katika wilaya hizi hana budi kuuliza maswali matatu kwa kila jina la kanga. Kwanza, ni ngano gani mvaaji anaijua nyuma ya usemi huo? Pili, aliisikia kwa nani na wapi? Tatu, anamwambia nani? Orodha ya majina pekee, hata ikiwa ndefu, ni sawa na albamu ya kadi: yanaonekana mapambo, hayasikiki masimulizi.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba biashara huigawa hurafa: Ufaransa ilichukua picha, pwani ilichukua funzo. Haikuiua, kwa kuwa inaihitaji. Lakini pia haiwezi kuirithisha. Kazi hiyo ni ya wasimulizi. Methali itaendelea kuchapwa viwandani, ilhali kisa chake hakina pa kuchapwa ila katika kumbukumbu za wazee. Kwa hiyo uandikaji wa ngano za Kibaha na Kisarawe, pamoja na mazingira ya kusimuliwa kwake, ndio unaostahili kutangulia uchambuzi wa kanga zenyewe.