Pumzi ya Polepole: Hesabu ya Hewa na Mapigo ya Moyo

Yoga ni mazoezi ya kale ya Bara Hindi, na sehemu yake ihusuyo pumzi huitwa pranayama. Siku hizi hufundishwa katika nchi nyingi, na aghalabu mwalimu huwaambia wanafunzi kwamba kupumua kwa kina huujaza mwili oksijeni, na kwamba utulivu hutoka hapo. Utulivu huo ni wa kweli. Sababu yake siyo hiyo, na dhana hiyo potofu, kama tutakavyoona, imewahi kuua watu.

Mtu mwenye afya akiwa amekaa tu, damu itokayo mapafuni mwake imekwisha kubeba oksijeni kiasi cha asilimia 95 hadi 99 ya uwezo wa hemoglobini. Lori lililojaa halipakiwi tena. Isitoshe, tufanye hesabu. Mtu aliyetulia hupumua kama mara 15 kwa dakika, na kila pumzi huingiza mililita 500 hivi za hewa. Katika hizo, kama 150 hubaki puani, kooni na katika mirija ya hewa, mahali pasipo na kubadilishana gesi. Basi zinazofika katika vifuko vya mapafu ni 350 × 15, yaani mililita 5,250. Mwanayoga apumuaye mara 6, mililita 1,000 kila mara, hufikisha 850 × 6, yaani 5,100. Hapati ziada yoyote. Naye atwetaye mara 30 kwa mililita 250 huingiza jumla ileile ya 7,500 kama yule wa kwanza, lakini hufikisha 3,000 tu!

Swami Kuvalayananda, aliyeanzisha taasisi ya Kaivalyadhama huko Lonavla, India, mwaka 1924, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyapima mazoezi haya kwa vyombo vya maabara badala ya kuyasifu tu. Waliomfuata wameeleza mengi. Tunapovuta pumzi, moyo huharakisha kidogo. Tunapoitoa, neva ya vagasi huupunguza mwendo. Pumzi ikiwa ndefu, hasa ya kutoa, kazi ya neva hiyo huonekana zaidi. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2001 waliwapima watu 23 nchini Italia wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra ya yoga. Njia zote mbili ziliteremsha pumzi hadi karibu 6 kwa dakika, na mabadiliko ya mapigo ya moyo na ya shinikizo la damu yakaenda kwa mwendo mmoja. (Lugha yetu nayo imeliweka neno pumzika karibu sana na pumzi.)

Mazoezi ya haraka, kama bhastrika, ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1905 J. S. Haldane na J. G. Priestley walionyesha kwamba, katika hali ya kawaida, kinachotuamuru kupumua ni wingi wa kabonidayoksaidi mwilini, siyo upungufu wa oksijeni. Atwetaye kwa makusudi huitoa gesi hiyo kupita kiasi. Mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, kichwa huzunguka, vidole hufa ganzi. Mtu hudhani ameingiwa na nguvu mpya, kumbe ubongo wake umepunguziwa damu. Akipiga mbizi katika hali hiyo, hamu ya kupumua huchelewa kumjia huku oksijeni ikizidi kupungua, naye huzirai majini bila onyo. Waogeleaji hodari wamekufa hivyo, hata katika mabwawa ya kina kifupi. Wanafunzi waishio kando ya bahari, ziwa au mto lazima waambiwe jambo hili waziwazi.

Pumzi ya polepole yaweza kujaribiwa darasani. Mwanafunzi akae wima, agusishe vidole viwili katika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika moja. Kisha avute pumzi kwa pua kwa sekunde 4 na kuitoa kwa sekunde 6, bila kujilazimisha, kwa dakika 5, ahesabu tena. Katika muda huo aangalie tumbo linavyopanda na kushuka, na mawazo yakitangatanga ayarudishe hapo. Huku ndiko kujitambua kunakosemwa na walimu wa yoga, wala hakuhitaji imani yoyote. Apatwaye na kizunguzungu aache mara moja. Wenye pumu, kifafa au maradhi ya moyo wawe waandishi wa takwimu, na asiwepo wa kuacha dawa zake kwa ajili ya zoezi hili.

Nusu ya darasa wakae kimya dakika hizo 5 wakipumua kama kawaida. Kukaa tu hupunguza mapigo ya moyo, na pasipo kundi hilo la kulinganisha hatutajua ni kiasi gani kimeletwa na pumzi na kiasi gani kimeletwa na kiti.