Israfu na Mazoea

Yafaa tuzingatie jambo lililotokea nchi ya Ireland mwaka 2002. Serikali ilitoza senti 15 za yuro kwa kila mfuko wa plastiki uchukuliwao dukani. Matumizi yaliyokadiriwa kuwa mifuko 328 kwa kila mtu kwa mwaka yakashuka hata 21. Je, watu wale walishindwa kulipa senti 15? Hasha! Walikuwa wakichukua pasipo kufikiri, na ile bei ndogo ikawazindua. Sisi Waislamu tumekatazwa israfu ndani ya Qur'ani. Hatuna haja ya kungoja kutozwa. Mbona basi twakopa kwa ajili ya karamu, na chakula chamwagwa? Kabla ya kununua, na tujiulize: twakihitaji kitu hiki, au tumekizoea tu?